Mtoto anayesoma polepole: disleksia, sauti za lugha na ufundishaji unaosaidia

Darasa zima linapoimba kwa pamoja "ba, be, bi, bo, bu", ni vigumu kumtambua mtoto asiyejua kusoma. Sauti yake imo ndani ya sauti za wenzake, mpangilio wa irabu ameshaukariri, na kidole chake kinasogea kitabuni kwa kasi ileile ya wengine. Mtenge na kundi, umwonyeshe silabi "bo" peke yake, kisha "du", kisha "pi", ndipo utakapobaini kwamba hakuwa akisoma. Watoto wa namna hii huweza kupanda darasa moja hadi jingine bila kugunduliwa, na siku wanapogunduliwa, maelezo yanayotolewa kwa haraka ni kwamba ni wavivu, hawasikilizi, au akili zao ni nzito. Baadhi yao wana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili. Makala haya yanaeleza kwa nini maelezo hayo ya haraka kwa kawaida si sahihi, tatizo hasa liko wapi, na ni ufundishaji gani unaowasaidia. Ujuzi huo upo na umechunguzwa kwa miongo mingi. Inasikitisha kwamba bado haujawafikia wengi wa wanaoshinda na watoto hawa kila siku.

Kusoma hakuji kwenyewe

Mtoto hujifunza kuzungumza bila kufundishwa kwa utaratibu maalumu; inatosha alelewe kati ya watu wanaozungumza naye. Kusoma si hivyo. Maandishi yamekuwapo kwa takriban miaka 5,000 tu, na hakuna sehemu ya ubongo ambayo binadamu huzaliwa nayo kwa ajili ya kazi hiyo. Stanislas Dehaene, mtafiti wa ubongo kutoka Ufaransa, na wenzake wameonyesha kwamba mtu anapojifunza kusoma, eneo fulani la ubongo lililo chini upande wa kushoto, kuelekea kisogoni, ambalo kabla ya hapo lilihusika na kutambua vitu na nyuso, hujifunza kutambua herufi na kuunganika na maeneo yanayoshughulikia sauti na maana za maneno. Muungano huo hujengwa na mafundisho na mazoezi. Kwa watoto wengi hujengeka upesi kiasi kwamba wazazi hawaoni namna ulivyotokea, ilhali kwa wengine huhitaji mafundisho yaliyo wazi zaidi na marudio mengi zaidi.

Herufi zinawakilisha sauti ndogo za maneno, zile ambazo wanaisimu huziita fonimu. Ili mtoto aelewe kwa nini neno "kiti" linaandikwa kwa herufi nne, sharti kwanza ajue kwamba ndani yake mna sauti nne. Kwa anayejua kusoma jambo hili halihitaji hata kufikiriwa, lakini kwa asiyejua ni gumu kweli. Silabi husikika kwa urahisi: mtoto mdogo huweza kupiga makofi mawili kwa "ki-ti" bila shida. Fonimu hazisikiki hivyo, kwa sababu katika mazungumzo hatutamki k, tukanyamaza, kisha tukatamka i. Ulimi na midomo huanza kuiandaa sauti inayofuata kabla iliyotangulia haijaisha. Mwaka 1974, Isabelle Liberman na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watoto waliombwa kugonga meza, wengine kwa kila silabi ya neno, wengine kwa kila fonimu. Miongoni mwa watoto wa miaka minne, karibu nusu walimudu silabi, lakini hakuna hata mmoja aliyemudu fonimu. Mwishoni mwa darasa la kwanza, asilimia 70 walizimudu fonimu. Mabadiliko hayo hayakuletwa na umri peke yake: kujifunza herufi humfungulia mtoto masikio azisikie sauti, na kuzisikia sauti humwezesha kuzielewa herufi.

Chanzo kiko kwenye sauti

Jina disleksia lilianza kutumiwa katika miaka ya 1880 na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, alipoeleza hali ya watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma kutokana na maradhi ya ubongo. Mwaka 1896, daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu mvulana wa miaka 14 ambaye ubongo wake haukuwa umepata dhara lolote, alikuwa mwerevu na mwepesi katika michezo, akizimudu hesabu, na amefundishwa kwa miaka mingi, lakini hakuweza kusoma ila maneno mafupi kabisa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, angekuwa kijana hodari kuliko wote shuleni. Maelezo hayo ya zaidi ya karne moja iliyopita bado yanawafanana watoto wengi wa leo.

Kwa kuwa waliochunguza hali hii mwanzoni walikuwa zaidi madaktari wa macho, dhana iliyoenea ni kwamba tatizo ni la kuona, na dhana hiyo haijafa. Wengi bado wanaamini kwamba mwenye disleksia huona herufi zimegeuka, na kwamba dalili kuu ni kuchanganya b na d. Ukweli ni kwamba karibu watoto wote wanaoanza kusoma huchanganya herufi hizo, kwa sababu kabla ya kujua maandishi, kikombe ni kikombe mkono wake ukielekea kulia au kushoto, na hakuna kilichowahi kuwafundisha kwamba upande hubadilisha jina la umbo. Mwenye disleksia huendelea kuzichanganya kwa muda mrefu zaidi kwa sababu uhusiano kati ya kila umbo na sauti yake haujakaa imara akilini mwake.

Tangu miaka ya 1970 utafiti umeelekea upande mmoja: kwa wengi wao shida kuu iko katika namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha. Mtoto husikia vizuri na huzungumza vizuri, lakini akiambiwa aondoe sauti ya kwanza katika "samba" ili libaki "amba", au arudie neno refu asilowahi kulisikia, hujikwaa. Wapo pia ambao udhaifu wao mkubwa ni wa kasi. Mwaka 1976 Martha Denckla na Rita Rudel walionyesha kwamba watoto wenye disleksia huchelewa kuliko wenzao hata katika kutaja mfululizo rangi, tarakimu au picha za vitu wanavyovijua barabara. Wenye udhaifu wa aina zote mbili ndio hupata taabu kubwa zaidi.

Mambo matatu zaidi yanafaa kujulikana na kila mzazi. Kwanza, disleksia hujirudia katika familia, kwa hiyo mzazi aliyehangaika kusoma utotoni ana sababu ya kumwangalia mwanawe mapema. Pili, haina uhusiano wa lazima na kiwango cha akili. Hupatikana kwa watoto wenye vipawa vikubwa na kwa wenye vipawa vya kawaida. Tatu, haina mpaka mkali unaowatenga walio nayo na wasio nayo, kama vile urefu wa mwili usivyo na mpaka kati ya warefu na wafupi. Ndiyo maana makadirio ya idadi yao hutofautiana, mengi yakiwa kati ya asilimia 5 na 10 ya watu, na yanayotumia kipimo kipana zaidi yakifikia hata 20. Kutokana na hilo la tatu, naona si busara kusubiri cheti cha mtaalamu ndipo mtoto aanze kusaidiwa. Anayehangaika anahangaika, awe amevuka mstari wa kipimo au amebaki karibu nao.

Si kila asiyesoma vizuri ana disleksia

Mwaka 1986, Philip Gough na William Tunmer walipendekeza njia ya kulielewa tatizo ambayo imedumu kwa sababu ya wepesi wake. Walisema ufahamu wa mtu anaposoma ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Neno "kuzidisha" hapa lina uzito. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mtoto anayeelewa hadithi nzima akisomewa, lakini hawezi kuyasoma maneno yake, hapati chochote kitabuni. Na mtoto anayetamka kila neno bila kosa katika lugha asiyoielewa hapati chochote vilevile.

Watoto hawa wawili huwekwa katika kundi moja la "wasiojua kusoma" na kupewa msaada mmoja, ilhali mahitaji yao ni mbalimbali. Wa kwanza anahitaji kufundishwa sauti na herufi. Wa pili anahitaji msamiati, mazungumzo, na maarifa ya mambo anayosoma, na huenda chanzo chake ni kwamba alianza kufundishwa kusoma kwa lugha ambayo nyumbani hawaizungumzi. Wapo wanaohitaji yote mawili. Kuwatofautisha hakuhitaji vifaa: chagua kifungu cha kiwango chake, msomee wewe kwa sauti, kisha muulize maswali, siku nyingine mpe kifungu kingine cha kiwango hichohicho akisome mwenyewe, umuulize tena. Akijibu vizuri alichosikia na kushindwa alichosoma, shida iko kwenye kuyasoma maneno. Akishindwa pote, anza na lugha.

Kabla ya yote hayo, masikio na macho yake yapimwe. Wapo watoto ambao maisha yao ya shule yamebadilishwa na miwani au na matibabu ya sikio, na itakuwa ni dhuluma kumpa mtoto mwaka mzima wa mazoezi ya sauti ambazo hazisikii. Ikumbukwe pia kwamba wengi wa wanaoshindwa kusoma duniani hawana kasoro yoyote ila kwamba hawakufundishwa vya kutosha: madarasa yamejaa, vitabu ni vichache, na siku za masomo zimepotea. Ufundishaji unaowafaa wenye disleksia unawafaa na hawa pia. Tofauti ni kwamba hawa wasio na kasoro huhitaji muda mfupi zaidi.

Maandishi yanayofuata matamshi

Mengi tunayosikia kuhusu disleksia yametokana na utafiti wa wasomaji wa Kiingereza, lugha ambayo herufi moja huweza kutamkwa kwa namna nyingi na sauti moja kuandikwa kwa namna nyingi. Kiswahili, kama Kiitaliano na Kifini, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na anayejua kanuni huweza kulisoma hata neno asilowahi kuliona. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha lugha mbalimbali za Ulaya, ulionyesha kwamba katika lugha za aina hii watoto wengi husoma maneno kwa usahihi kabla mwaka wa kwanza wa shule haujaisha, na kwamba wanaojifunza kwa Kiingereza huhitaji muda wa zaidi ya mara mbili kufika hapo.

Je, disleksia haipo katika lugha hizi? Ipo. Mwaka 2001, Eraldo Paulesu na wenzake waliwalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza, wakakuta kwamba akili zao zinapofanya kazi ya kusoma, eneo lilelile la ubongo upande wa kushoto linafanya kazi kidogo kuliko kawaida kwa wote, ingawa Waitaliano walisoma kwa makosa machache zaidi. Chanzo ni kimoja; kinachobadilika ni sura yake. Katika maandishi yanayofuata matamshi, mtoto mwenye disleksia hatimaye hujifunza kusoma kwa usahihi, lakini husoma polepole mno. Hutamka silabi moja moja, huku wenzake wakiliona neno zima mara moja, na afikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Tahajia yake pia hubaki na makosa, kwa kuruka herufi au kudondosha konsonanti moja kati ya zilizofuatana, kwa mfano "nyuba" badala ya "nyumba".

Hapa ndipo tunapowakosa watoto wengi. Mwalimu anayetafuta makosa hayaoni, kwa hiyo anaandika kwamba mtoto anajua kusoma. Kipimo kinachofaa ni muda. Mpe mtoto akiwa peke yake kifungu asichowahi kukisikia, hesabu maneno anayoyasoma sawasawa kwa dakika moja, na ulinganishe na wenzake wa darasa hilo. Mpe pia maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama "fidoka", "nyogasu" na "tembuli". Hayo hayawezi kukaririwa wala kubahatishwa, kwa hiyo yanafichua kama kweli anazisoma herufi.

Tusidhani vilevile kwamba Kiswahili hakina vikwazo vyake. Msomaji mchanga hukutana na herufi mbili zinazosimamia sauti moja, kama ch, sh, ny na dh. Hukutana na ng' ya "ng'oa" isiyofanana na ng ya "ngoma". Na hukutana na m ambayo mara hujitegemea kama silabi, mara huungana na konsonanti inayoifuata, hata "mbuni" akiwa ndege ana silabi mbili na akiwa mtu anayebuni ana tatu. Kubwa kuliko hayo ni urefu wa maneno. Neno kama "hawakutusomea" lina silabi saba, na kwa mtoto anayetumia nguvu kwa kila silabi, kitenzi kimoja kinaweza kummaliza.

Namna ya kufundisha

Kiini cha msaada ni ufundishaji wa wazi, wenye mpangilio, unaotoka jepesi kwenda gumu na kurudia bila kuchoka. Jopo la kitaifa la Marekani lililopitia tafiti za ufundishaji wa kusoma na kutoa ripoti yake mwaka 2000 lilifikia uamuzi kwamba kufundisha utambuzi wa fonimu, na kufundisha kwa utaratibu uhusiano wa herufi na sauti, huwanufaisha watoto, wakiwamo wale walio hatarini kushindwa. Neno "wazi" lina maana kwamba hakuna kinachoachwa ili mtoto akigundue mwenyewe. Mwenye kipaji cha kusoma hugundua. Huyu hagundui, na kumsubiri agundue ni kumpotezea miaka.

Anza na sauti chache, irabu kwanza, kisha konsonanti zinazoweza kuvutwa, kama m, s, n na l, kwa sababu "mmm" na "aaa" huungana kwa urahisi kuwa "ma" bila kukatika. Fundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake. Mtoto anayesema "em, a" hana njia ya kufika "ma". Herufi zinazofanana kwa umbo au kwa sauti zisifundishwe juma moja: b ikae imara kabisa kabla d haijaletwa. Mara tu herufi nne au tano zinapojulikana, zianze kuunda maneno, ili mtoto aone faida ya kazi yake. Kwa a, i, m, s na n pekee tayari anaweza kusoma "mama", "sina", "nani" na "simama".

Mazoezi ya sauti yaende pamoja na herufi. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo watoto waliofundishwa kupambanua sauti huku wakiziunda kwa herufi za kushika mkononi walipata maendeleo makubwa kuliko wale waliofundishwa sauti pekee. Njia moja inayofaa sana ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Kisovieti, Daniil Elkonin: mwalimu huchora visanduku kadiri ya idadi ya sauti za neno, na mtoto husogeza kipande kimoja kwenye kila kisanduku anapoitamka kila sauti, baadaye vipande hubadilishwa kwa herufi. Mfululizo wa konsonanti, mahali ambapo wengi hudondosha sauti, huonekana wazi kwenye visanduku hivyo. Aliyeandika "nyuba" huona kwa macho yake kwamba kuna kisanduku kilichobaki kitupu.

Jedwali la silabi halina ubaya, na katika lugha yenye silabi nyepesi kama Kiswahili ni daraja zuri. Ubaya uko katika kuliimba kwa mpangilio usiobadilika. Vuruga mpangilio, elekeza kidole popote, muombe mtoto mmoja mmoja, na mara kwa mara ivunje silabi hadi kwenye sauti zake: "bo" ina sauti gani mbili, na tukiondoa o tukaweka i inakuwa nini? Asiyefika kwenye fonimu hulazimika kubeba silabi mia kadhaa kama vitu mbalimbali visivyohusiana, na kumbukumbu yake ndiyo hasa dhaifu kwa mzigo wa namna hiyo.

Imla iwe ya kila siku, fupi, yenye maneno ya sauti alizokwisha kufundishwa. Kuandika humlazimisha azisikilize sauti zote kwa zamu, na makosa yake humwonyesha mwalimu pa kurudi. Wengi watakuwa wamesikia kuhusu njia inayotumia milango kadhaa ya fahamu kwa pamoja: kuona, kusikia, kutamka na kuichora herufi kwa kidole. Mizizi yake iko kwa Samuel Orton, daktari wa Marekani aliyeanza kuandika kuhusu watoto hawa mwaka 1925, na mwalimu Anna Gillingham aliyeyageuza mawazo yake kuwa masomo. Maelezo ya Orton kuhusu ubongo hayakudumu, lakini mpangilio wa masomo yao umedumu. Kwa maoni yangu nguvu yake iko zaidi katika mpangilio huo kuliko katika kuchora mchangani. Kuchora kunasaidia kwa kuwa kunamfanya mtoto akae na herufi kwa muda na umakini, na hakuwezi kuchukua nafasi ya mafundisho yenyewe.

Vitabu vya mwanzo viwe na maneno ambayo mtoto ana uwezo wa kuyasoma kwa herufi anazozijua. Jambo hili hupuuzwa sana. Anapopewa kitabu kilichojaa maneno yaliyomzidi, hutazama picha na kubahatisha, na akipongezwa kwa kubahatisha, hiyo ndiyo tabia anayojifunza. Mwaka 1967 Kenneth Goodman wa Marekani aliueleza usomaji wenyewe kuwa ni aina ya kubahatisha kwa msaada wa muktadha, na wazo hilo lilitawala madarasa mengi kwa miongo kadhaa. Uchunguzi wa mwendo wa macho umeonyesha kinyume: macho ya msomaji stadi hutua karibu kwenye kila neno lenye uzito wa maana. Wanaotegemea muktadha ili kulitambua neno ni wasomaji dhaifu. Kwa hiyo mtoto akikwama, asiambiwe atazame picha. Aelekezwe kwenye sauti ya kwanza, kisha inayofuata, hadi mwisho wa neno.

Akishaweza kusoma kwa usahihi, kazi ngumu zaidi huanza, nayo ni kuongeza kasi. David Share alieleza mwaka 1995 kwamba kila mara mtoto anapolisoma neno geni kwa kuunganisha sauti zake, anajifundisha mwenyewe sura ya neno hilo, na baada ya mara chache hulitambua papo hapo. Kwa mwenye disleksia mara hizo chache huwa nyingi, na kwa kuwa kusoma kunamchosha, husoma kidogo, na kwa kusoma kidogo hazipati. Keith Stanovich aliieleza hali hiyo mwaka 1986: wanaosoma vizuri husoma zaidi na kuzidi kuendelea, huku nyuma pengo likipanuka mwaka hadi mwaka. Dawa yake inayofahamika zaidi ni kusoma kwa kurudia, ambako S. Jay Samuels alikueleza mwaka 1979. Kifungu kifupi husomwa na mtu mzima kwanza, kisha pamoja, kisha mtoto peke yake mara tatu au nne, hadi kiende bila kukwama. Asihimizwe kukimbia, lengo ni asome kama anavyozungumza.

Maneno marefu ya Kiswahili yanahitaji somo lake. Mtoto afundishwe kuziona sehemu zinazojirudia: viambishi vya nafsi ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, vya wakati -na-, -li-, -ta-, vya ukanushi si-, hu-, ha-, na miisho kama -ia, -wa na -sha. Mtoto aliyezoea kuiona "hawaku-" kama kipande kimoja huweza kulivuka neno "hawakutusomea" kwa hatua mbili tatu badala ya saba. Zoezi zuri ni kuchukua mzizi mmoja, "som", na kujenga juu yake: anasoma, tulisoma, hawatasoma, ananisomea, tunasomeshwa. Hapo anafaidi kasi, tahajia na maana kwa pamoja, na naona ajabu kwamba zoezi hili huachwa liwe la sarufi ya madarasa ya juu.

Tiba zisizotibu

Wazazi waliokata tamaa huuziwa mengi: miwani na karatasi za rangi, mazoezi ya macho, hati za herufi (fonti) zilizochorwa mahususi. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba lenzi za rangi au mazoezi ya macho hutibu disleksia. Kuhusu hati za herufi, kinachoonekana kusaidia ni nafasi: utafiti wa Marco Zorzi na wenzake wa mwaka 2012, uliofanywa kwa watoto wa Italia na Ufaransa, uligundua kwamba kuongeza nafasi kati ya herufi kuliwaongezea wenye disleksia kasi na usahihi. Hilo halina gharama, na yeyote anayeandaa karatasi za kusomea anaweza kulifanya. Michezo ya kompyuta inayofundisha herufi na sauti, kama GraphoGame iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Ufini, inaweza kuwa mazoezi mazuri, lakini huleta matunda zaidi mtu mzima anapokaa na mtoto na kuyahusisha na vitabu.

Masomo mengine yasimsubiri

Kujifunza kusoma kutamchukua mtoto huyu miaka. Katika miaka hiyo akinyimwa historia, sayansi na hadithi kwa sababu tu hawezi kuzisoma, ataufikia ufundi wa kusoma akiwa hana maarifa ya kuelewa anachosoma. Kwa hiyo asomewe kwa sauti kila siku, vitabu vya kiwango cha akili yake, si vya kiwango cha usomaji wake. Vitabu vya sauti vitumike bila kuonewa aibu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, unalegeza masharti ya hakimiliki ili vitabu vitolewe katika miundo inayofikika kwa wasioona, na umewajumuisha pia wenye ulemavu wa kusoma. Wengi wanaohusika hawajui kwamba wamo.

Darasani aongezewe muda wa mtihani, aruhusiwe kujibu kwa mdomo pale kinachopimwa si kusoma, na asilazimishwe kunakili ubao mzima wala kusoma mbele ya wenzake kifungu asichokiandaa. Kulazimishwa huko hakumfundishi chochote ila aibu, na aibu ina madhara ya kweli: mtoto anayeogopa hujifunza kujificha, kwa fujo au kwa ukimya, na anayejificha hafanyi mazoezi. Aelezwe waziwazi, kwa maneno ya umri wake, kwamba sauti za lugha zinamletea ugumu usio kosa lake, kwamba akili yake haina kasoro, na kwamba kuna njia ya kufundishwa inayomfaa.

Kujua kama msaada unafanya kazi

Masomo mafupi ya kila siku, ya nusu saa hivi, katika kundi dogo, yana faida kuliko somo refu la mara moja kwa juma. Kila baada ya wiki mbili mpime mtoto kwa dakika moja, uandike idadi ya maneno aliyoyasoma sawasawa na herufi alizokosea. Idadi ikipanda, hata taratibu, endelea. Isipopanda baada ya vipimo vitatu au vinne, usiongeze lawama. Punguza ukubwa wa kundi, ongeza siku, na urudi nyuma hadi kwenye sauti ya mwisho anayoimudu bila kusita, kwa sababu mara nyingi alivushwa hatua ambayo haikuwa imekaa. Na kwa kijana au mtu mzima ambaye hakusaidiwa utotoni, utaratibu ni huuhuu, kuanzia sauti hadi silabi hadi neno. Kinachobadilika ni maandishi anayopewa: barua, maelezo ya dawa, fomu, habari za kazi yake, na jambo lolote ambalo yeye mwenyewe amesema anataka kuweza kulisoma.